Gome la mkoko kwenye rangi ya nguo: lipigwe marufuku?

Mleta mada: Wapwani wenzangu, siku hizi Mombasa nguo za "rangi asilia" zinauzwa kwa sifa kwamba hazichafui bahari. Ile hudhurungi yake wengine wanaitoa kwenye gome la mkoko. Mikoko ya pwani ya Kenya ni msitu wa serikali tangu 1932, na mti ukibambuliwa gome kuuzunguka, unakufa. Tuyaonee huruma mazalio ya samaki kwenye mikoko ya pale Tudor. Nasema marufuku.

Wa Likoni: Pole pole, ndugu yangu. Boriti za mkoko zinakatwa kwa kibali na gome lake linatupwa. Kosa liko wapi fundi akiliokota? Enzi za mkoloni magome yalisafirishwa kutoka Lamu kwa ajili ya kutengenezea ngozi, leo ndio iwe haramu?

Fundi, Kisauni: Mimi natia rangi, na naona nyote mmeruka jambo. Pamba haishiki rangi ya mmea hivi hivi. Unailoweka kwanza kwenye tanini, ule ukakasi wa magome na maganda, halafu shabu, takriban gramu 15 kwa kila gramu 100 za kitambaa kikavu, ndipo uingize kwenye rangi. Tanini si lazima itoke kwa mkoko: maganda ya komamanga yanayo, majani ya mwembe yanayo. Ukitaka rangi yenyewe, sokoni Kongowea maganda ya vitunguu ni takataka tu, nenda na gunia. Ukitaka kijivu, tia maji ya misumari yenye kutu, ila kidogo, kutu ikizidi inaozesha pamba. Rangi ya bizari ya manjano nisisikie mtu akimuuzia mteja. Jua la hapa linaifuta.

Na huo usafi tusiusifu kupita kiasi. Shabu ni madini, si mmea. Kuna wanaotia kromu, kemikali ya metali, ili rangi ing'ae, na maji yake ni sumu hata kama rangi imetoka kwenye jani. Kuchemsha ni saa nzima au zaidi, kwa kuni au makaa, na maji wengine tunanunua kwa mkokoteni.

Gome la boriti silikatai. Lakini likishakauka na kutiwa guniani, nani atajua lilitoka kwa mti uliokatwa au uliosimama?

Mleta mada: Basi muuzaji aonyeshe kibali cha boriti.

Wa Likoni: Kibali hakiandikwi kwenye gunia, yakhe. Fundi, hudhurungi ile ile umeshaipata kwa makumbi ya nazi? Tupe kipimo.