Tupeane uzoefu: kubadilisha plagi, koili na sensa kwenye magari ya zamani

Ndugu wanajamvi, ninaomba tukusanye hapa uzoefu wa wenye magari ya zamani waliowahi kubadilisha plagi (zinazotoa cheche ya kuchoma petroli), koili (zinazozipa plagi umeme wa cheche hiyo), waya za plagi au sensa za injini. Ninachotaka hasa ni kila mmoja aeleze alijuaje kwamba kifaa alichokitoa ndicho kilichokuwa kibovu, kwa kuwa wengi wetu hununua sensa moja baada ya nyingine kabla ya kuifikia ile yenye hitilafu.

Naanza na langu. Ni Toyota IST la mwaka 2003 lenye injini ya 1NZ-FE, ambayo kila silinda ina koili yake iliyokaa juu ya plagi. Lilianza kumisi, yaani kukatakata nguvu, likipanda mlima, na mashine ya kupima ikasoma P0302, yaani silinda ya pili haichomi ipasavyo. Fundi alitaka tununue koili zote nne. Nilimwomba kwanza ahamishe koili ya silinda ya pili aipeleke kwenye ya tatu, afute hitilafu kwenye mashine, kisha tuliendeshe. Hitilafu ilihama nayo, ikasomeka P0303, tukajua ni koili na wala si plagi wala nozeli inayonyunyizia petroli. Alipomulika tochi ndani ya shimo la plagi alikuta oili iliyovuja kutoka kwenye gasketi ya tapeti kava (mfuniko wa juu wa injini) na kuulainisha mpira wa koili, kwa hiyo tulianza na gasketi, maana koili mpya ingekaa kwenye oili ileile na kufa vilevile.

Mchangiaji wa Morogoro:
Wenye magari yasiyopokea mashine ya kupima nao wasikate tamaa. Corolla langu AE100 la mwaka 1993, lenye injini ya 5A-FE, lilikuwa likizima ghafla likishapata moto, na kuwaka tena likipoa. Chini ya boneti kuna kisanduku kidogo kilichoandikwa DIAGNOSIS. Ukiunganisha tundu la TE1 na la E1 kwa kipande cha waya, kisha ukafungua swichi bila kuwasha injini, taa ya cheki injini hupepesa namba ya hitilafu. Langu lilitoa 13, inayoonyesha kwamba taarifa ya mzunguko wa injini inakatika. Kwenye injini hii sensa ya mzunguko imo ndani ya distribyuta (kifaa kinachogawa umeme kwa kila plagi), hivyo nilibadilisha distribyuta nzima. Kabla ya kuilegeza tuliweka alama ya rangi kati yake na silinda hedi, kwa sababu ikirudishwa imegeuka hata kidogo taimingi, yaani wakati wa kutoa cheche, huharibika.

Mchangiaji wa Tanga:
Waya za plagi zitazameni usiku, boneti ikiwa wazi na injini inanguruma. Zilizopasuka hutoa cheche za buluu zinazoonekana wazi gizani. Msizishike.

Mchangiaji wa Arusha:
Langu lilikuwa likinywa mafuta kupita kiasi, na plagi zilitoka na masizi meusi makavu. Niliambiwa ni sensa ya oksijeni, ile inayopima moshi wa ekzosi, ambayo bei yake ni kubwa, lakini nilianza na sensa ya joto la maji kwa sababu hupimika kwa mita nyumbani. Kwa Toyota nyingi za miaka ile, sensa nzima husoma takriban ohm 2,000 hadi 3,000 kwenye nyuzi 20 za Selsiasi, na hushuka hadi kati ya 200 na 400 maji yakifika nyuzi 80. Yangu ilibaki juu hata injini ikiwa ya moto, hivyo kontroli boksi (kompyuta ya injini) iliamini injini bado ni baridi na kuongeza petroli wakati wote. Msiichanganye na ile inayoendesha geji ya dashibodi, ambayo mara nyingi ina waya mmoja na hukaa jirani yake.

Mwanzisha mada:
Nashukuru sana, ndugu. Sasa nawaomba waliowahi kutoa sensa ya oksijeni iliyoshikwa na kutu kwenye manifoldi ya ekzosi watueleze waliifunguaje bila kuharibu nyuzi za skrubu za tundu lake.