Uongozi wa hospitali: Mzumbe, MPH au MBA?

Mtu_wa_Tandika: Wakuu habari, wakubwa shikamooni. Mimi ni muuguzi mwenye digrii, mwaka wa 8 sasa, hospitali binafsi hapa Dar. Nimekaimu usimamizi wa wodi, nikajikuta napenda kupanga zamu na kubishana na bajeti kuliko kuchoma sindano. Ada ninayo ya masta moja tu. Mzumbe kuna usimamizi wa mifumo ya afya, Muhimbili MPH (masta ya afya ya jamii), Mlimani MBA (masta ya usimamizi wa biashara) ya jioni. Ipi inanifikisha kwenye kiti?

Dkt_Kiwalani: Kiti gani? Serikalini mganga mfawidhi (mkuu wa kituo), DMO (mganga mkuu wa wilaya) na RMO (wa mkoa) ni madaktari, na wengi wamepitia MPH. Wewe hata ukiwa na masta tatu njia yako ni muuguzi mfawidhi, kisha wilaya, mkoa, hadi Mkurugenzi wa Huduma za Uuguzi na Ukunga wizarani. Hicho ni kimoja nchi nzima.

Katibu_wa_Mbagala: Daktari kasema kweli, ingawa inauma. Mimi ni katibu wa afya, zao la Mzumbe. Watumishi, magari, walinzi, zabuni za NeST (mfumo wa manunuzi wa serikali), mihtasari ya vikao, vyote mezani kwangu. Tangu fedha zianze kwenda moja kwa moja kwenye akaunti za vituo mwaka 2017/18, anayejua FFARS, mfumo wa hesabu za vituo, hakosi kuitwa. Ila nimewafundisha waganga wafawidhi watatu kusoma bajeti. Wote wamepanda, mimi meza ileile.

Binti_Ilala: Pole kaka. Mdogo wangu, wewe uko binafsi, mbona unapigiwa hesabu za serikali? Huku kwetu kiti kinafuata pesa, na pesa yenyewe ni bima. Nilikuwa muuguzi kama wewe. Siku moja nikapewa boksi la madai yaliyorudishwa na bima: fomu hii haina sahihi ya mgonjwa, ile daktari kaandika malaria, kipimo alichoagiza ni cha mkojo tu. Nikamweka muuguzi mmoja akague kila fomu kabla mgonjwa hajatoka. Makato yakapungua, mwenye hospitali akaanza kuniita vikaoni. MBA nilisoma baadaye, jioni, nasinzia kwenye mwendokasi. Na sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 ikishika kasi, fomu hizo zitaongezeka.

Dkt_Kiwalani: Hapo nakubali. MPH itakufundisha epidemiolojia, yaani magonjwa yanavyoenea, haitakufundisha kuifanya hospitali ikopesheke benki.

Katibu_wa_Mbagala: Ila akitaka miradi ya wafadhili, MPH ndiyo wanayoiulizia. Asiitupe.

Mtu_wa_Tandika: Asanteni. Basi ada ikae kwanza. Kesho namwomba matron anihamishie ofisi ya madai mwezi mmoja, nione kama nitaipenda.

Binti_Ilala: Hakikisha mwisho wa mwezi unakukuta humo, ndipo tunapofunga madai. Na ubebe chakula, hakuna atakayekukumbusha kula.