Tumetoka Dar mpaka Bagamoyo kuona mifarishi, tunaambiwa fundi hajulikani. Jina lake tumeliona kwa macho yetu!

Wakuu habari za jioni, wakubwa shikamooni. Ndio kwanza nimefika nyumbani, hata miguu sijanawa, kwa hiyo mtanivumilia.

Asubuhi tulikuwa wanne, mashoga tunaoshona pamoja, tukapanda Kosta pale Makumbusho kwenda Bagamoyo. Tulitumiwa tangazo la maonyesho ya mifarishi ya sanaa. Kwa asiyejua: unaunga vipande vya kanga na vitenge upate picha, katikati unatandika pamba, chini unaweka kitambaa kingine, halafu tabaka zote tatu unazipiga mshono mpaka zishikane. Hiyo si kazi ya wiki moja.

Kiingilio 10,000. Ukitaka kupiga picha unaongeza 5,000. Haya, tukalipa. Ukumbini joto, feni moja. Maelezo yote Kiingereza kitupu, Bagamoyo hapo hapo, kazi ya kanga! Hilo nalo nikalimeza.

Sasa tukafika kwenye mfarishi mmoja mkubwa. Jamani, yule mama anajua! Amechukua kanga zilizochakaa, pindo zake amezigeuza mawimbi, ngalawa imetoka kwenye mji, ile sehemu ya katikati, wa kanga nyeusi. Na katikati ameacha maneno mazima, TAMAA SIKATI. Wenye kanga mnajua mwanzo wake: japo sipati. Nusu ya kwanza kaikata makusudi, nusu ya pili kaibakiza. Mimi nilisisimka.

Ila umetundikwa kichwa chini miguu juu. Ngalawa imepinduka, herufi zimepinduka. Namwita msimamizi, kijana wa watu ananijibu, "Dada, hii ni sanaa, haina juu wala chini." Haina juu wala chini! Kwa hiyo ile ngalawa inazama?

Kibao kinasema fundi hajulikani. Bei, dola 400.

Tukiwa tumesimama pale feni ikapeperusha pindo, na shoga yangu mwenye macho ya sindano akapiga kelele. Nyuma, pembeni, kuna jina. Majina mawili kamili, uzi mwekundu, mshono wa mkono, herufi ndogo kama punje za mchele. Mwenyewe alilishona pembe ya juu, na kwa kuwa wao wameupindua, pembe hiyo imetushukia usawa wa magoti. Yaani kosa lao ndilo lililotuonyesha. Tunamwambia kijana aje asome, anasema, "Msiguse kazi za watu." Kazi za watu gani, kama hawajulikani?

Kuunga vipande ni jambo la kwetu. Wazee wanasimulia kanga yenyewe ilianzia hivyo: kina mama wananunua leso sita zikiwa bado kwenye gora, wanakata tatu tatu, wanaziunga zinakuwa vazi moja. Majina ya hao mama hatuna. Aliyejulikana ni mwenye duka. Kule Mombasa kuna kanga mpaka leo zinaandikwa "Mali ya Abdulla".

Na msiniambie haiwezekani kuliweka jina la fundi. Marekani, jimbo la Georgia, kulikuwa na mama anaitwa Harriet Powers, kazaliwa utumwani mwaka 1837. Alishona mfarishi wa visa vya Biblia, mwaka 1891 shida zikambana akauuza kwa dola 5. Bei ya kuliza, lakini yule mnunuzi, mwalimu wa sanaa, alimsikiliza akaandika maelezo ya kila kipande. Leo mfarishi ule uko makumbusho ya Smithsonian, na jina la aliyeushona linasomeka. Hiyo ni karne ya 19! Hawa wetu wana simu mkononi na wanashindwa kugeuza kitambaa.

Samaki tuliyekula baadaye alikuwa mtamu, nisiseme uongo, ila mazungumzo yote yalikuwa hayo hayo.

10,000 yangu siidai. Nauliza kitu kimoja: kuna mwenyeji wa Bagamoyo hapa anayewajua kina mama wanaoshona mifarishi ya kanga? Jina sitaliandika hadharani kabla mwenyewe hajaridhia. Picha ya ile pembe ninayo, nililipia 5,000. Anayewajua anitumie ujumbe, nataka nimuulize huyo mama kama anajua kazi yake inauzwa dola 400, na katika hizo yeye ameahidiwa ngapi.