Wakuu, kipandikizi changu cha jino kinatoa harufu: dawa gani ya kusukutua inafaa?

Kigego36
Wakuu, habari za muda huu. Nina kipandikizi cha titani, gego la kwanza la chini kushoto, huu mwaka wa 6. Siku hizi nikipitisha uzi wa meno hapo unatoka na harufu. Maumivu hakuna. Naomba jina tu la dawa ya kusukutua kila siku. Natanguliza shukrani.

Fizi_Salama
Mkuu, dawa ya kusukutua haifiki chini ya ufizi, inaishia juu juu. Tafuta brashi ndogo ya katikati ya meno, ile ambayo waya wake umefunikwa plastiki, maana waya mtupu unakwaruza titani. Saizi yake iwe inayopita kwa kubana kidogo bila kulazimisha. Ingiza kutoka upande wa shavu, nenda-rudi mara nne au tano, kila usiku. Klorheksidini ya 0.12% au 0.2% ni ya wiki mbili hivi. Ukiigeuza ya kila siku, meno yanapata madoa ya kahawia na ladha inavurugika. Tena usiiunganishe na dawa ya meno, subiri nusu saa, kwa sababu povu lake linaipunguzia nguvu.
Huo uzi ukitoka, una damu?

BabuMswaki
Uzi wa meno ndani ya uzi wa jukwaa. Nimekaa paleee.

Kigego36
Damu kidogo, si kila siku. Ila nimeuliza jina la dawa.

Milimita
Damu ndiyo habari yenyewe, achana na jina la dawa. Jino la asili limeshikwa na nyuzi za ufizi zilizojichomeka kwenye mzizi. Kwenye kipandikizi nyuzi hizo zinapita pembeni tu au kukizunguka, hazijichomeki, kwa hiyo uvimbe ukianza haukuti kizuizi cha maana kabla ya kufika kwenye mfupa. Na mara nyingi hauumi. Ukiwa bado kwenye ufizi peke yake, usafi mzuri unaurudisha nyuma. Ukishakula mfupa, mfupa haurudi kwa kusukutua.
Wanaopima hulinganisha eksirei ya leo na ile ya siku ulipovalishwa kofia, yaani jino la bandia linalokaa juu ya kipandikizi. Kama ya zamani haipo, kigezo cha mkutano wa wataalamu wa fizi wa Chicago wa 2017 ni damu au usaha, pamoja na kina cha mfuko wa ufizi cha milimita 6 au zaidi na mfupa ulioshuka milimita 3 au zaidi.
Mara ya mwisho kukaguliwa lini? Sigara? Sukari? Kofia inacheza?

Nyundo
Tatizo ni watu kudhani wameweka chuma basi yamekwisha. Mgonjwa wa kwanza wa Brånemark, mwanzilishi wa vipandikizi vya titani kule Uswidi, aliwekewa 1965, akafariki 2006 navyo vikiwa kinywani vinafanya kazi. Titani haina kosa. Wenye kosa ni wavuta sigara na wanaokimbia ukaguzi.

Kigego36
Sivuti, sukari sina. Ukaguzi niliachia mwaka wa 2. Na sawa, kofia inacheza, miezi miwili sasa. Nikiisukuma kwa ulimi inageuka kidogo na kulia *tik*. Ila hilo nimeshalipatia dawa, nimeagiza bisibisi ndogo ya pembe sita. Skrubu ni skrubu, ndiyo maana sikuitaja.

Skrubu35
Hiyo ndiyo ungeanza nayo! Kofia iliyolegea inafanya kazi kama pampu: kila ukitafuna inavuta mate na bakteria ndani, kisha inayatema. Harufu yako huenda inatoka hapo.
Kuhusu bisibisi: skrubu nyingi za kushikiza kofia kwenye kipandikizi hukazwa kwa niutoni-sentimita 30 hadi 35, kwa spana yenye kipimo. Vidole havifiki huko, wala havikuambii vimeishia wapi. Vichwa navyo vinatofautiana kwa kampuni, pembe sita, nyota, mraba. Ukikosea kidogo unakivuruga. Halafu skrubu iliyocheza miezi miwili imeshachoka, hubadilishwa, haikazwi tena. Ikikatikia ndani, kuitoa kunaweza kuharibu hesi za kipandikizi chenyewe. Na bisibisi ikiteleza kooni? Madaktari huifunga uzi, huo huo wa meno.
Kama kinachocheza ni kipandikizi, si kofia, basi mfupa umekiachia na hakuna cha kukaza. Hutolewa.

Kigego36
Nimekuelewa, lakini nimeshalipia. Nitakaza polepole, ikiuma naacha. Kwa sasa kinachouma ni maji ya baridi tu, hapo hapo kwenye kipandikizi, hadi sikioni.

SukariGuru
Simama. Mwanzo "maumivu hakuna", sasa baridi hadi sikioni. Kipandikizi hakina neva ndani, kinasikiaje baridi? Na hiyo bisibisi ungeingiza wapi, tundu la skrubu unaliona? Hii ni chai.

BabuMswaki
Changu kisijae sana.

Kigego36
Sio chai! Tundu sijaliona kweli. Juu ni kauri tupu.

Skrubu35
Basi kofia yako huenda iligandishwa kwa saruji, na bisibisi haina pa kuingia. Aidha saruji imeachia, au skrubu iliyo chini yake imelegea. Tena mabaki ya saruji chini ya ufizi ni chanzo kinachojulikana cha uvimbe.

Fizi_Salama
SukariGuru, uko sahihi kuhusu neva, lakini jirani anayo. Meno ya asili husogea mbele kidogo kidogo miaka ikienda; kipandikizi kimeshikamana na mfupa, hakisogei. Upenyo unafunguka, chakula kinajazana, jino la mbele yake linatoboka au mzizi wake unabaki wazi. Kigego, uzi ukiupitisha kati ya hayo mawili unabana kwanza ndipo unashuka, au unapita bure?

Kigego36
Unapita bure. Na unatoka umechanika nyuzinyuzi.

Fizi_Salama
Acha uzi hapo, tumia brashi tu. Nyuzi zilizonasa kwenye uso wenye mkwaruzo wa kipandikizi zimewahi kukutwa zikichochea uvimbe. Usitafunie upande huo. Antibiotiki usijinunulie, peke yake haiondoi utando wa bakteria ulioganda. Wiki hii hii nenda na kumbukumbu zako, jina la kampuni na saizi, ili skrubu mpya ilingane. Omba eksirei ionyeshe kipandikizi pamoja na jino la mbele, kina kipimwe pande zote, na kofia itolewe isafishwe.

SukariGuru
Narudisha nusu kikombe.

Kigego36
Nimepiga simu, Alhamisi. Sasa bisibisi nani anaitaka?

BabuMswaki
Kaza nayo miwani, usome uzi upya kuanzia juu.

Skrubu35
Ya pembe sita hiyo. Kwenye miwani haiingii.