Mjadala: Mganga wa kwenye gemu aponye kipindupindu kwa kugusa tu?

Mleta mada, Kigoma mjini

Habari za jioni wakuu. Naomba tujadili jambo lililotugawa hapa kwetu, wiki ya tatu sasa. Tuko sita, tunakutana Jumamosi jioni Mwanga barazani kwa mwenzetu, tunacheza mchezo wa kusimuliana: msimulizi anaeleza ulimwengu, kila mtu ana mhusika wake, na penye bahati dadu linaamua. Kanuni tumechukua za Dungeons & Dragons, mchezo wa Wamarekani wa tangu 1974, ila ulimwengu ni wa kwetu. Una ziwa refu, milima, mitumbwi ya karabai, na falme mbili zisizoelewana.

Msimulizi safari hii ni mimi. Nimeweka kijiji kilichobanwa na mlima, njia ya kutoka ni majini tu, na watu waliokimbia vita wamejaa ufukweni wakingoja meli. Siku ya tatu wanaanza kuharisha maji meupe kama yaliyooshewa mchele. Nilitaka wachezaji watafute chanzo. Mwenzetu mmoja, ambaye mhusika wake ni askari mtakatifu, akasema, "Namgusa. Pointi tano." Mgonjwa akasimama.

Na kwa toleo la 2014 hakukosea. Askari huyo ana pointi tano za kuponya kwa kila ngazi aliyofika, na pointi tano zinatosha kuondoa ugonjwa mmoja, wowote ule. Yeye mwenyewe kuanzia ngazi ya tatu haugui tena. Basi wakagusa, wakapokea shukrani, wakapanda mtumbwi. Hakuna aliyeuliza watu wale wanachota maji wapi.

Nasema hivi: nguvu ya kuponya ifunge jeraha na kurudisha damu, lakini isifute ugonjwa. Jeraha likifungwa limekwisha. Ugonjwa umekuja kwa njia fulani, na njia ikibaki wazi utarudi kwa mtu yule yule.

Kijiji kile nimekitoa Kagunga, kando ya Ziwa Tanganyika mpakani na Burundi, wengi mtakuwa mmeshatambua. Mei 2015 Warundi walifika pale kwa maelfu, kipindupindu kikaingia, na meli ya Liemba ikawa inawaleta huku mjini. Nilikuwa kijana wa kubeba mizigo bandarini. Namkumbuka mama mmoja amekaa juu ya gunia, mtoto mapajani, anamnywesha maji ya chumvi na sukari kwa kifuniko cha chupa ya soda. Kifuniko kimoja, anangoja, kingine. Mtoto akitapika, anaanza upya. Nilipita na mizigo mara nne, na mara zote nne nilimkuta na kifuniko mkononi. Sasa mtu ananiambia pointi tano. Sikubali.

Mchangiaji, Ujiji

Kaka, nimekusoma mpaka mwisho, ila nakupinga. Mimi ni muuguzi. Wa kipindupindu akiletwa, ngozi ya tumbo ukiifinya inabaki imesimama kama kitambaa. Macho yamezama, sauti imekauka, mshipa wa kuchoma huuoni. Unautafuta. Ukiupata, dripu inaingia kwa kasi, unaongeza nyingine, na mtu aliyeletwa amebebwa mgongoni kesho yake anakuomba uji. Akiwahi na akapata maji ya kutosha, hata mmoja kwa mia hafi. Kwa hiyo huyo wa kugusa akasimama mimi simshangai. Kati ya magonjwa yote umechagua ule unaofanana zaidi na muujiza.

Halafu kuna wengine ambao dripu haiwasaidii. Hao ndio ninaorudi nao nyumbani kichwani. Nikikaa kwenye mchezo Jumamosi na mkono wangu ukamponya mtoto, usininyang'anye. Mwache amponye. Wewe kama msimulizi, mlete mgonjwa wa pili kabla hajakaa chini, na wa tatu, mpaka pointi ziishe.

Mleta mada

Dada, la mgonjwa wa pili nimelipokea kwa mikono miwili. Ila tazama kilichotokea kwenye World of Warcraft, mchezo wa kompyuta unaochezwa na watu wengi pamoja mtandaoni, Septemba 2005. Waliweka jini mmoja, Hakkar, kwenye eneo la pekee, anawapiga wachezaji ugonjwa wa damu unaomwambukiza aliye karibu. Ulikusudiwa uishie humo humo. Lakini wanyama wa wachezaji wakaondoka nao, wakaitwa tena mjini, wakaumwaga sokoni. Wauza duka wa mle mchezoni, wanaoendeshwa na kompyuta yenyewe, waliubeba bila kufa. Wachezaji wa ngazi za chini walianguka papo hapo, barabara zikajaa mifupa. Kampuni ikajaribu karantini, watu hawakuitii, mwisho ikabidi wauzime mchezo na kuuwasha upya. Wataalamu wa milipuko ya magonjwa, Lofgren na Fefferman, wakauandikia makala katika jarida la Lancet Infectious Diseases mwaka 2007.

Kilichonigusa mimi ni hiki: waganga walijitolea kukimbilia wagonjwa, wakawarudishia uhai bila kuwaondolea ugonjwa. Mtu ambaye angeanguka palepale akapata dakika za ziada za kutembea na kuambukiza. Nia njema kabisa, na moto ukazidi. Na wale wauza duka ndio kipindupindu chenyewe, maana wengi wanaoambukizwa hawaharishi hata kidogo, lakini wakienda haja vijidudu vinatoka.

Mchangiaji, Tabora mjini

Mimi naanza na neno. Kijitabu chenu cha kanuni, mmoja wenu alinionyesha, kimeandikwa "uchawi wa kuponya". Tangu lini mchawi akaponya? Kwa Kiswahili chetu mchawi ndiye anayeroga na mganga ndiye anayeagua. Mmelichukua neno moja la Kizungu mkalibwaga juu ya vitu viwili vinavyopigana. Andikeni uganga. Ukishaandika uganga, kanuni inabadilika yenyewe, kwa sababu mganga haanzi na mkono. Anaanza na maswali: umeanza lini, ulikuwa wapi, ulikula kwa nani, nyumbani kuna nani mwingine anayeumwa. Hicho ndicho unachokililia, mleta mada, na lugha yako ilikuwa nacho siku zote.

Lakini hapo hapo kuna hatari, na hii ndiyo iliyonifanya niandike. Mganga wa kwetu anaweza kukwambia ni ugonjwa wa Mungu, au ni wa kutumiwa na mtu. Msije mkaweka ramli inayotaja jina la aliyeutuma. Kanda yetu hii vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, na macho yale ni moshi wa jikoni wa miaka hamsini. Serikali ilipiga marufuku ramli chonganishi Januari 2015, albino walipokuwa wanawindwa. Ninyi mtawakalisha vijana barazani muwafundishe kwamba dadu likiangukia ishirini, bibi wa jirani ndiye mwenye kosa?

Mchangiaji, Kasulu

Mwalimu wa Tabora, ni hadithi tu. Vijana wanajua tofauti.

Mchangiaji, Tabora mjini

Ndugu wa Kasulu, wanaoua wazee nao walianza na hadithi. Sitanii katika hili.

Mleta mada

Nakiri hapa mbele yenu: ramli ilikuwemo kwenye mpango wangu. Kulikuwa na mwanamke mvuvi aliyekuwa ametuma maradhi kwa kisasi. Nimemtoa leo mchana. Ramli itabaki, ila itajibu "wapi" na "kwa njia gani" tu. "Nani" haitajibu kamwe.

Mchangiaji, Urambo

Wakuu, mnazungumza habari ya maji, mimi nawaletea pori. Huku kwetu kuna malale. Mbung'o anakuuma ukiwa kwenye mizinga yako ya nyuki au unapasua mbao, homa inakuja, panavimba pale alipouma, na baada ya wiki au miezi kimelea kinaingia kichwani. Mtu analala mchana, usiku yuko macho, anasema maneno yasiyoeleweka. Zama za Waingereza watu wa magharibi hii walihamishwa, wakakusanywa kwenye makazi ya pamoja, pori lifyekwe, mbung'o akose kivuli.

Sasa nikuulize, mleta mada. Ponya binadamu wote wa Urambo asubuhi moja kwa pointi tano tano. Kimelea kimeisha? Kiko ndani ya pongo anayekunywa maji mtoni, kiko kwa ng'ombe, na wao hawaumwi kama sisi. Wiki ijayo mrina asali anaumwa. Kwa hiyo sikubaliani na wewe unapotaka kupunguza nguvu za mganga. Muongezee hata mara kumi, ugonjwa wenye makao porini hautamwogopa. Tatizo la ulimwengu wenu ni kwamba magonjwa hayana makao. Yanakaa ndani ya mtu tu, kama mwiba, ukiung'oa basi. Yapeni makao.

Mleta mada

Kaka wa Urambo, hapo umenitoa kwenye hoja yangu ya kwanza, na naiacha. Nilikuwa nang'ang'ania kumnyima mganga nguvu. Sasa napendekeza hivi: mguso ubaki pointi tano kama ulivyo, mgonjwa asimame. Lakini kila ugonjwa utakuwa na makao niliyoyaandika kwenye karatasi kabla ya mchezo, yaani kisima, mnyama, mdudu au pumzi ya watu waliolala chumba kimoja. Kila usiku ambao makao hayajaguswa, narusha dadu moja la pande sita, na idadi hiyo ya watu wanaugua, akiwemo hata aliyeponywa jana. Kufunga kisima, kuchimba choo mbali na mto, kuchemsha maji, vyote ni vitendo vya mchezo, vina uzito sawa na upanga.

Mchangiaji, Mwanga

Mimi ndiye niliyegusa. Nimekaa kimya wiki tatu kwa sababu mleta mada ni rafiki yangu na nilidhani ananisema mimi.

Unajua kwa nini sikuuliza habari ya kisima? Ulimweleza yule mtoto vizuri mno. Ulisema ana shanga kiunoni na midomo imepasuka. Mtu aelezwe hivyo halafu aende kukagua maji? Niligusa kwa sababu nilikuwa na uwezo wa kugusa, na ningekuwa nao kweli ningegusa tena.

Kanuni mpya naikubali. Ila nimesoma hapo juu habari ya wauza duka na ya pongo, na kuna jambo halijaniacha tangu juzi. Mhusika wangu haugui. Aliwashika wagonjwa kumi na mmoja kwa mikono yake, hakunawa, jioni ile ile akapanda mtumbwi, na kijiji cha pili nikasema, iko kwenye daftari, kwamba anateka maji kisimani kwa kata ile ile wanayochotea wanakijiji ili awanyweshe watoto.

Kanuni zinasema haugui. Hazisemi habebi. Jumamosi mimi naanzia kwenye kile kisima.