Mafundi mnaoziba Land Rover za zamani kwa silikoni na godoro, mnatuulia magari

Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu ni mrefu na nina hasira, anayetaka kusoma asome.

Nina Land Rover 109, Series III (toleo la tatu la zile Land Rover za kale tunazoziita Series), aliyoniachia marehemu baba. Injini nzima, chesisi ilishachomelewa ikakaa sawa, difu hazivuji. Kilichobaki kilikuwa ndani: siti, siling, sakafu, pamoja na raba zote za milango, vioo na paa. Nikaipeleka gereji moja hapa hapa Dar, wale wanaojitangaza kwamba wanafufua magari ya kale. Jina siweki kwa sababu bado tunavutana. Nimewalipa milioni mbili na ushee. Gari likatoka linang'aa, siti nyeusi mpya, kapeti mlango hadi mlango, kila anayepita anaomba kupiga picha. Masika yalipoanza kweli kweli, maji yakaingia kuliko wakati lilipokuwa halina raba hata moja.

Nikamwita binamu yangu, ni fundi bati wa siku nyingi, tukaanza kubomoa. Tuliyoyakuta humo ndiyo yaliyonileta hapa.

Milango kwanza. Raba za mlango kwenye Series zinakaa kwenye bodi, zimebanwa na ukanda wa bati kwa ribiti, vile vipini vya kuunganishia bati. Mlango ukifungwa unaiminya raba kidogo, na huko kuminywa ndiko kunakozuia maji na vumbi. Hawa jamaa wamenibandikia raba ngumu ya gari jingine kabisa, nene, kisha wakanitoza bei ya "orijino kutoka Uingereza". Mlango ukagoma kufunga. Badala ya kulegeza bawaba na kusogeza kile chuma cha loki, ambacho kimewekewa nafasi ya kusogezwa kwa kazi hiyo hiyo, wamechukua wembe wakaichonga raba! Nimeona alama za wembe kwa macho yangu, mawimbi mawimbi kuanzia juu hadi chini ya nguzo. Tukafanya kipimo cha karatasi: unaweka kipande cha karatasi, unafunga mlango, unakivuta. Kikitoka kwa ugumu, raba imeshika. Mlango wa dereva nilikivuta kwa vidole viwili kikatoka bila kukwaruza, na sehemu ya chini mwanga wa nje unauona.

Ribiti nazo wameweka za chuma. Jamani, Land Rover ilipotoka mwaka 1948 chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita, ndiyo maana sehemu kubwa ya bodi yake ni ya alumini, na ikaendelea hivyo mpaka Series III zilipokoma mwaka 1985. Ukigusanisha chuma na alumini halafu ukaongeza maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Na hapa tunaishi pwani, upepo wa bahari unafika hadi chumbani. Tayari kuna unga mweupe kuzunguka baadhi ya ribiti, na kazi yenyewe haijamaliza hata mwaka. Ribiti za alumini zipo Gerezani na Kariakoo, tena bei yake si ya kutisha. Hapa hakuna cha kisingizio cha spea kukosekana.

Sasa vioo, na hapa ndipo damu yangu inapochemka. Kioo cha mlango wa mbele kwenye Series hakishuki, kinateleza kwenda mbele na nyuma ndani ya mfereji wenye manyoya. Manyoya yakizeeka yanashika maji, mfereji unaoza, halafu fremu ya juu ya mlango inafuata. Ugonjwa huu unajulikana kwa kila mwenye gari hili. Dawa yake ni kufungua ile sehemu ya juu ya mlango, ambayo imeshikwa na nati mbili tu, kutoa mfereji mbovu, kusugua kutu, kupiga praima na rangi, kisha kuweka mfereji mpya. Wao wamefanya nini? Wameng'oa mifereji, wameviweka vioo kavu kwenye fremu yenye kutu na kuvigandisha na silikoni pande zote. Vioo havifunguki! Gari halina AC, Dar es Salaam hii, mwezi wa Februari!

Wala hawakuishia hapo. Chini ya kioo cha mbele kuna vile vifuniko viwili vya hewa, unavifungua kwa mkono ukiwa umekaa, upepo unakupiga usoni. Vina raba yake nyembamba ambayo ikichakaa inapitisha maji. Unatoa ya zamani, unasafisha, unabandika mpya, umemaliza. Wameviziba na silikoni moja kwa moja. Tena ile silikoni ya kawaida ya madirisha ya nyumba, yenye harufu kali kama siki inapokauka. Harufu ile ni asidi, na asidi hiyo inakula chuma na inakula zinki. Tulipoibandua, rangi imetoka nayo na chini kuna kutu mbichi ya rangi ya chungwa. Na mkumbuke kwamba pakishapakwa silikoni, rangi mpya haishiki mpaka usugue uondoe mabaki yote. Kwa hiyo hawakuniharibia kazi moja tu, wameniongezea na nyingine ya kusafisha uchafu wao.

Siling sitaisema sana. Wamebandika sponji na leza (ngozi bandia) kwa gundi ya viatu moja kwa moja kwenye bati la paa. Jua limepiga, gundi imelainika, siling imetulala kichwani. Basi.

Sakafu ndiyo mbaya kuliko yote, kwa sababu haionekani. Wamelaza godoro, hili hili la kulalia, juu yake kapeti, vyote vimegandishwa na gundi. Sponji la godoro lina vitundu vilivyo wazi, linanyonya maji na kuyatunza. Nililibonyeza kwa kiganja, maji yakapanda kati ya vidole, machafu, yananuka. Mvua ilikuwa imekatika muda mrefu. Mabati ya sakafu ni ya alumini yangeweza kuvumilia, lakini pale miguu ya dereva na abiria inapokaa ni chuma, sehemu ya ule ukuta unaotenganisha injini na watu. Pakioza pale unazungumzia kuchomelea ukuta mzima, si kubadilisha kapeti. Tena kapeti limefunika hadi skrubu za kifuniko cha giaboksi. Fundi akitaka kushughulikia giaboksi kwa juu lazima achane kapeti. Mtu aliyewahi kulifungua gari hili hata siku moja hawezi kufanya hivyo.

Nimewapigia simu. Jibu la bosi wao: "Kaka, Land Rover zote za zamani zinavuja, hiyo ni kawaida yake."

Nalijibu hilo hapa hadharani. Ni kweli Series huwa inapitisha maji kidogo, sibishi. Lakini waliolitengeneza walilijua hilo, wakaweka sakafu ya mabati yanayofunguka na mikeka ya raba unayoinyanyua kwa mkono. Maji yakiingia yanatoka, unaanika mkeka, unaendelea na safari. Ninyi mmeyafungia maji ndani kwa godoro na gundi, halafu mnaliita gari bovu. Na kazi ya kuzuia maji inaanza kabla ya kazi ya kupamba. Unaweka raba, unafunga milango, mtu mmoja anakaa ndani na tochi, mwingine anamwagia maji nje akianzia chini akipanda juu taratibu, ili mjue maji yanapenyea wapi hasa. Pakikauka ndipo unamwita fundi wa siti. Wao walianza na siti.

Jambo ambalo silisamehi ni vyuma vya zamani. Mifereji ya vioo, zile kanda za bati za kubania raba, hata raba chakavu za kioo cha mbele. Nilisema wazi mbele ya vijana wao kwamba chochote kitakachotolewa kirudishwe kwangu, hata kikiwa kimeoza, kwa sababu kilichooza ndicho kipimo cha kukatia kipya. Nimeambiwa vimekwenda skrepa. Vilikuwa mali ya baba yangu, hakuna aliyewaruhusu kuviuza.

Oktoba 2024 tumeona Land Rover zilivyofurika Arusha kwenye lile tamasha, za kila umri, watu wamezitunza kwa jasho lao. Magari haya yapo na wenyewe tupo. Tunachokosa ni fundi mwenye adabu ya kusema "hii sijawahi kufanya".

NYONGEZA: Wanaoniuliza inbox kuhusu raba, tafuteni za EPDM (aina ya mpira wa kiwandani), zinahimili jua na hewa ya pwani kuliko mpira wa kawaida. Za sponji zichague zile zenye vitundu vilivyofungwa: zamisha kipande kwenye ndoo, kikamue, kisitoe maji. Na dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, yenye jina la bidhaa. Mimi nilipewa karatasi ya mkono, na sasa nataka kupeleka suala la hizo "orijino" Tume ya Ushindani, maana kupambana na bidhaa bandia ndiyo kazi yao, nakosa pa kushikia.

NYONGEZA 2: Mwenye fremu za juu za milango ya mbele za Series III, hata kama mifereji imekufa lakini chuma kinashikika, aniandikie. Nitazifuata popote, Mbagala, Bunju, hata Morogoro. Na wale wa gereji najua mmeshausoma huu uzi, kijana wenu ameu-like. Naomba jina la huyo mnunuzi wa skrepa, nianzie kwake.