Kamera nne za ulinzi na moja ya kutazama Kilimanjaro: nipange vipi?

Mwenyeji_Shanty
Wakuu, nyumba iko Moshi, Shanty Town. Nahitaji kamera nne za ulinzi: geti, mlango wa mbele, mlango wa jikoni na upande wa matangi ya maji. Ya tano ielekee kaskazini ioneshe vilele vya Kilimanjaro, Kibo na Mawenzi, ndugu walio nje wawe wanaiona mtandaoni. Fundi anasema zote tano ziwe sawa: megapikseli 4, lenzi ya milimita 2.8. Umeme unakatika mara kwa mara. Nimkubalie?

fundi_kebo
Kwa milango mkubalie, kwa geti na mlima kataa.

Lenzi ya 2.8 inaona upana wa nyuzi 100 hivi; milimita zikiongezeka, upana unapungua na vitu vinaonekana vikubwa. Kwa megapikseli 4, mtu akishapita mita 4 au 5 sura yake haitambuliki tena. Ukiifunga kwenye kona ya nyumba, geti likiwa mita 12, utajua kuna mtu ameingia, hutajua ni nani. Geti liwekee ya milimita 6, au funga ya 2.8 kwenye nguzo ya geti lenyewe, kimo cha mita 2.5. Ukipandisha juu zaidi unarekodi kofia.

Mlima ni hesabu nyingine. Ukiwa Moshi, Kibo na Mawenzi vimeachana kwa nyuzi kama 20, na kilele kimeinuka nyuzi 9 tu juu ya usawa wa macho. Kwa 2.8 Kibo kitakuwa kichuguu katikati ya anga tupu. Lenzi ya 8 inashika nyuzi kama 40, vilele vyote viwili vinaenea na mawingu yanapata nafasi. Ya 12 inabana, Mawenzi inaangukia ukingoni. Ukipata lenzi ya kurekebishika, 2.8 hadi 12, maliza ubishi. Usiielekeze juu sana. Acha paa au miti ikae chini ya picha.

Taa za infraredi za kamera hiyo, zile za kuonea usiku, zizime kabisa. Zinafika mita 30, mlima uko kilomita 30. Kazi yake itakuwa kuita wadudu, kisha buibui atatanda mbele ya lenzi. Na arifa za mwendo zizime, la sivyo mawingu yatakupigia simu kutwa.

Inveta_na_Betri
Naongezea umeme. Kamera tano za PoE (umeme na picha vinapita waya mmoja wa mtandao), rekoda na ruta: kadiria wati 60. Betri ya asidi ya volti 12, Ah (ampea-saa) 100, ukiitumia nusu tu isife mapema, inakupa saa 8 hivi. Ruta lazima iwe kwenye inveta hiyo hiyo, watu husahau.

Waya wa mtandao uwe Cat6 wa shaba tupu. Ule wa alumini iliyopakwa shaba ni rahisi, lakini kwenye mita 50 au 60 kamera inajizima usiku, taa zake zikiwaka na kuvuta umeme zaidi. Kabla waya haujaingia ukutani mwachie mkunjo unaoning'inia chini, maji yadondokee hapo.

Mwenyeji_Shanty
Asanteni sana. Diski ya TB 2 inatosha? Na kurusha moja kwa moja nitaweza kwa bando la simu?

pikseli
Kamera moja kwa Mbps 4 (megabiti 4 kila sekunde) inakula GB 43 kwa siku. Nne za ulinzi ni GB 172, kwa hiyo TB 2 ni siku 11. Chukua TB 4, na iwe diski ya kamera, si ya kompyuta. Ya mlima usiirekodi mfululizo.

Kurusha video Mbps 4 kutwa kucha ni GB 43 zile zile, bando halikai. Tuma picha moja kila dakika: ikiwa KB 500, kwa saa 12 za mchana ni MB 360. Asubuhi mapema ndiyo yenye mlima. Mawingu yakishapanda unatuma weupe mtupu, kwa hiyo mchana punguza iwe kila dakika 10.

Ndugu usiwape nywila ya rekoda, wala usifungue poti (mlango wa kuingilia kutoka mtandaoni) kwenye ruta ili waingie. Kamera ya mlima itume picha yenyewe kwenye seva kwa FTP (njia ya kupakia faili mtandaoni), wao waone huko.

fundi_kebo
Na maikrofoni ya kamera ya mlima izimwe. Dirisha au ua wa jirani ukiingia kwenye picha, ufunike kwa kisanduku cheusi kwenye mipangilio ya kamera yenyewe. Ukifunika kwenye rekoda tu, picha inayokwenda mtandaoni inabaki wazi.